Namdol Chukyi, Aliyepiga Kura kwa Niaba ya Waliobaki

Waheshimiwa watawa mliosoma sala nyumbani kwetu kwa siku tatu, mwenyekiti wa Kambi ya Saba, majirani, wazee wa ushirika, na ninyi mliotoka Mysore na Bangalore kuja kusimama nasi, mimi naitwa Wangdak, fundi cherehani, mdogo wake marehemu, na ninasoma maisha yake kwa sababu yeye mwenyewe aliniagiza hivyo mwezi wa Agosti, akiwa na akili zake zote.

Marehemu Namdol Chukyi alizaliwa mwaka wa 1951, mwaka wa sungura wa chuma, mwezi haukuandikwa, katika kijiji cha wafugaji karibu na Dingri, nchini Tibet, akiwa mtoto wa pili wa marehemu baba yetu Chophel na marehemu mama yetu Pasang Bhuti, wa kwanza akiwa dada yetu Lhakyi na wa mwisho mimi. Mwezi wa Februari 1960, mwaka mmoja baada ya mji wetu mkuu, Lhasa, kuanguka mikononi mwa jeshi la China, baba aliamua tuvuke mlima kwenda Nepal, lakini bibi yetu hakuweza kutembea, na mtu wa kubaki naye akawa Lhakyi, mwenye miaka kumi na minne, ambaye aliambiwa kwamba tungerudi kumchukua nyasi zikiota. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, na kila baba alipochoka, aliyenibeba mgongoni alikuwa Namdol, mtoto wa miaka tisa, kwa hiyo naweza kusema bila kutia chumvi kwamba nilifika hapa nilipo kwa miguu yake.

Baba alifariki tarehe 3 Agosti 1962 kwa maporomoko ya udongo, akivunja mawe kwenye kambi ya kujenga barabara kule Himachal, India, tulikofikia kutoka Nepal, na mwezi wa Aprili 1963 mama alitupandisha treni, tukashushwa Mysore na kuletwa hapa, wakati hapa palikuwa msitu, tukapewa hema, shoka moja na mbegu za mahindi ambazo tembo walizila shambani mwaka ule wote. Marehemu alisoma katika shule ya kambi kuanzia 1964 hadi 1970, akafika darasa la nane, akaacha kwa sababu mama alipata kifua kikuu, lakini alikuwa ameshapata mwandiko ambao wazee walisafiri kutoka kambi nyingine kuja kuuomba, walipotaka barua zao zisomeke.

Mwaka 1970 aliajiriwa kufuma mazulia katika karakana ya ushirika, na mwaka 1976 akapandishwa kuwa karani wa ghala la mahindi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2009. Alifunga ndoa na marehemu Samphel, dereva wa trekta la ushirika, mwezi wa Februari 1975, siku ya tano ya mwaka mpya, na wakabarikiwa mtoto mmoja, Choenyi, aliyezaliwa tarehe 19 Julai 1979, ambaye ni muuguzi na amekaa pale mbele. Samphel alitutoka mwaka 2004. Mwaka 1993 waliongeza mtoto wa pili ambaye hawakumzaa, Rigdol, mpwa wa Samphel, aliyevuka mlima akiwa na miaka kumi na mitano, vidole viwili vya mguu vimekatika kwa baridi, na marehemu alimvua viatu kwa mikono yake, akamlaza kwenye kitanda cha Choenyi, akamlea.

Sasa nieleze kazi ambayo wengi wenu mlimjua kwayo. Mwaka 1981 aliingia katika kamati ya uchaguzi ya kambi, na kuanzia 1988 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wake, yaani kila tulipochagua wabunge wa Bunge letu la uhamishoni, bunge lisilo na nchi chini yake, yeye ndiye aliyelifunga sanduku kwa lakiri, yeye ndiye aliyesoma majina kwenye daftari, na yeye ndiye aliyewarudisha nyumbani wanaume waliokuja wamekunywa. Kwa miaka ishirini na miwili hakumwambia mtu yeyote ampigie nani, na Samphel alikuwa akilalamika kwamba analala kitanda kimoja na sanduku lililofungwa. Watu wakigombana hapa, wa jimbo hili wasimtake wa jimbo lile, alikuwa na maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya kugawa mahindi, "Kule nyumbani hakuna anayeulizwa. Wewe umeulizwa. Jibu kwa niaba ya wawili."

Maneno hayo hayakutoka hewani. Mwezi wa Novemba 2001, kupitia mfanyabiashara wa Nepal, tulipata namba ya simu, na baada ya miaka arobaini na moja tulisikia sauti ya Lhakyi, sote tukijua kwamba huenda kuna sikio la tatu kwenye waya, kwa hiyo tuliongea kama watu wa mifugo. Lhakyi alisema, "Nasikia huko mnachagua wenyewe mtu wa kuwachungia wanyama." Marehemu akajibu, "Ndiyo, dada. Tunaandika jina kwenye karatasi." Lhakyi akasema, "Basi ukiandika, uandike na kwa mkono wangu." Tangu siku hiyo marehemu hakupiga kura moja, alipiga mbili katika karatasi moja, na alikuwa akifunga siku nzima kabla ya kwenda kituoni.

Rigdol alikua na ulimi mzuri. Alifundisha lugha yetu katika shule ya jioni, na aliposimama tarehe 10 Machi, siku ya kukumbuka maasi ya Lhasa, kuwaombea waliobaki, hata wauza sweta walioshupaa kwa miaka ya kubishana bei walifuta macho. Mwaka 2010 alitangaza kwamba anagombea ubunge, na marehemu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, tarehe 14 Juni 2010 alijiuzulu uenyekiti wa kamati, akakabidhi muhuri na daftari, na alipoulizwa sababu alisema, "Refa hawezi kushangilia, nami safari hii nataka kushangilia."

Kuanzia Novemba 2010 hadi mwisho wa Januari 2011, msimu ambao nusu ya kambi iko mijini ikiuza sweta, mwanamke wa miaka hamsini na tisa alizunguka kwa treni, Hubli, Solapur, Pune, akikaa kwenye masoko ya turubai kati ya marundo ya sufu, akimwombea mwanawe kura. Kule Solapur, Mama Yudon, ambaye yupo hapa leo na amenipa ruhusa nimtaje, alimtania, "Dada Namdol, umetuletea wateja au umetuletea siasa?" Marehemu akasema, "Nimekuja kuomba. Usimpe kwa sababu ni wa kwetu, wala kwa sababu ana sura nzuri. Mpe kwa sababu ya yule wako aliyebaki kule." Mama Yudon akamuuliza, "Na akishapanda akatukimbia?" Marehemu akajibu, "Mlango wangu unaujua. Njoo ubishe."

Rigdol alishinda katika uchaguzi wa Machi 2011, akawa wa tisa kati ya kumi wa jimbo letu, akimpita aliyekosa kwa kura sitini na moja, na hakuna aliyebisha kwamba hizo sitini na moja, na nyingine nyingi, zilitoka kwenye masoko yale. Ili awahi kuapishwa kwake, marehemu alipanda mabasi na treni siku tatu hadi Dharamshala, makao ya Bunge letu, akakaa kwenye ukumbi wa wageni, akarudi akasema kwamba hajawahi kuona jambo zuri kama mtoto akiinua mkono.

Mwezi wa Septemba 2012 Rigdol alisafiri Marekani na ujumbe uliokwenda kuzungumza na marafiki wa Tibet, na siku ya kurudi wenzake walirudi, yeye hakurudi. Alituma barua ya mistari minne ya kuacha kiti, hakutaja sababu, wala hakumwandikia mama yake.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipolazimika kuchana karatasi mara mbili jana, maana mara zote mbili nilikuwa nimeandika sentensi ifuatayo kwa namna ya kuniokoa. Mwezi wa Januari 2011, marehemu akiwa bado Solapur, Rigdol alikuja dukani kwangu nimpime koti la kuapishwa, akasimama mikono ameinyoosha, mkanda wangu ukiwa mabegani mwake, akasema, "Mjomba, nikishinda nitapata karatasi za kusafiri. Nikifika kule, sirudi." Nikamuuliza, "Na mama yako?" Akasema, "Mama atanielewa. Mama amezoea kusubiri." Nilitoa mkanda. Nilimwambia kwamba nitamwambia dada siku hiyohiyo. Naye akaniambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia vifungo, "Kunsang wako ana miaka ishirini na mbili, hana kazi. Nikikaa kule vizuri, nitamvuta." Nikaurudisha mkanda mabegani mwake, nikaendelea kupima.

Kunsang ni mwanangu wa pekee. Aliondoka mwaka 2014 na anaishi Minnesota, na wengi mlinipongeza.

Naona baadhi yenu mmeacha kuhesabu shanga za sala. Naomba mnivumilie nimalize, maana maisha haya si yangu, ni yake.

Mwezi wa Oktoba 2012, barua ya Rigdol ikiwa imeshasomwa mbele ya kambi, marehemu alikuja dukani, hakukaa, akashika ukingo wa meza ya cherehani, akaniuliza, "Wangdak, ulijua?" Nikamwambia, "Sikujua, dada." Akasema, "Basi tumedanganywa sote wawili," akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, kunifariji, akatoka.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo hakuna mwanasiasa niliyemsikia amelifanya. Hakusubiri watu wabishe mlangoni kwake, alikwenda yeye. Kuanzia tarehe 5 Novemba 2012 alipita nyumba mia na themanini na saba za kambi hii, moja baada ya nyingine, akiomba radhi, na msimu wa sweta ulipofika akapanda tena treni zilezile. Nyumba nyingi zilimpa chai ya siagi na kubadili mazungumzo, chache zilimwacha asimame nje kwenye jua, na pale bombani vijana walimpachika jina la Mama Mbunge, wakimuuliza kama mheshimiwa ameshapata nyumba kule. Mama Yudon wa Solapur alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Dada, mimi sina hasira. Lakini kura nina moja kwa miaka mitano, nami nilikupa. Sina nyingine ya kukupa leo." Marehemu alinieleza maneno hayo aliporudi, na akasema kwamba hao waliomfokea hawakumuumiza, aliyemuumiza ni yule aliyesema kweli kwa sauti ya chini.

Mwaka 2013 ilisambaa picha ya video ya Rigdol akihutubia mkutano kule aliko, akilia, akisimulia habari ya mama yake mzazi aliyeachwa Tibet akiwa binti wa miaka kumi na minne ili amtunze bibi kizee, akiahidiwa kuchukuliwa nyasi zikiota. Mama yake mzazi Rigdol, wale mliomsikia Samphel akisimulia mnakumbuka, alifariki akimzaa. Habari ile ilikuwa ya dada yetu Lhakyi, ambayo Rigdol aliisikia mezani kwa marehemu akila momo za nyama alizozipika marehemu, na hakubadilisha hata jina, wala jina la kijiji. Tulipiga ile namba mwezi huo, na mwezi uliofuata, na kila mwaka mpya tangu hapo, na simu haijapokelewa. Huenda ni uzee, huenda ni jambo jingine, hatujui, na marehemu amekufa hajui. Siku ile aliitazama video mara moja tu, akamrudishia Choenyi simu, akasema, "Angeniibia sahani zangu zote ningenunua nyingine."

Tarehe 20 Machi 2016 tulipiga kura tena. Nilidhani hatakwenda, na nakiri kwamba nilitamani asiende, maana kila aliposhika kalamu mimi nilikosa pa kuweka macho. Alikuja, amevaa vazi lake la rangi ya ugoro na aproni mpya, akapanga mstari kama mtu mwingine yeyote, nyuma ya watu ambao zamani aliwasomea majina. Mtu mmoja, simtaji, akasema kwa sauti ya kusikika, "Dada Namdol, mwaka huu unatushauri nani? Maana wa safari ile alitufaa sana." Watu wakacheka, mimi nikacheka nao, Mungu wa kila dini anione. Yeye akasema, "Simshauri mtu. Nimekuja kupiga yangu." Akaingia kwenye kibanda, akakaa humo muda mrefu hata karani akakohoa, na alipotoka tukatembea pamoja hadi kwenye njia panda, akaniambia, "Nilidhani mkono utakataa. Haukukataa. Yule kijana alichukua jina langu, Wangdak, lakini kura hakuichukua."

Mwezi wa Februari 2021 alianza kutapika, akapelekwa hospitali huko Mysore, ikaonekana ana uvimbe wa saratani tumboni, akafanyiwa upasuaji tarehe 2 Machi, na siku arobaini baadaye, tarehe 11 Aprili, akiwa hawezi kutembea hatua kumi, alidai apelekwe kituo cha kura, na vijana wa ushirika wakamweka juu ya kiti cha plastiki ndani ya tela la trekta, barakoa usoni, Choenyi akimshikilia kiuno, akaenda akapiga, akarudi akalala siku mbili. Alipata nafuu karibu miaka miwili. Mwezi wa Juni 2023 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye ini, na daktari alimwambia ukweli kwa sababu alimwomba ukweli.

Mwezi wa Agosti, Choenyi akiwa jikoni, aliniita kitandani akaniambia kuhusu siku ya leo. Alisema, "Choenyi atalia, hatafika mwisho. Watu wa ofisini watanipamba. Utasoma wewe, maana wewe hujawahi kunidanganya." Nilifungua mdomo. Nawaapia kwamba niliufungua. Choenyi akaingia na uji wa shayiri, nikainuka nimpishe nafasi, nikaenda kuwasha taa ya siagi ambayo tayari ilikuwa inawaka, na kutoka siku ile hadi mwisho zilipita siku themanini na mbili, nami nilimtembelea katika kila moja ya hizo, na sikusema.

Aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkono wake ukiwa katika mkono wa bintiye. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja, na dada ambaye hatujui kama yu hai.

Jana nilimweleza Choenyi haya yote kabla ya kuwaeleza ninyi, kwa kuwa alistahili kuwa wa kwanza. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Soma, mjomba. Mama alisema usome, basi soma, na lile lako ulisome pia. Ukimaliza usirudi kukaa na sisi." Kwa hiyo mkiniona sirudi kwenye kile kiti, msisogezane kunipa nafasi, nitasimama nyuma. Nilimpigia na mwanangu. Akaniuliza, "Baba, kwa hiyo mimi nilinunuliwa kwa bei ya shangazi?" Rigdol naye ametuma ujumbe akiomba skafu nyeupe iwekwe kifuani kwa marehemu kwa jina lake. Familia imekataa, nami katika hilo sikuwa na sauti, wala sikustahili kuwa nayo. Skafu mnazoziona ni za waliokuja kwa miguu yao.

Kwa niaba ya familia, ambayo imeniruhusu kwa dakika hizi kusema neno hilo, nawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea Mysore, na daktari wa zahanati ya kambi aliyekuja na baiskeli mvua ikinyesha, nawashukuru majirani wa mstari wa kisima mliopika kwa zamu, wenzake wa ghala na wa karakana, vijana wa tela, kamati ya uchaguzi mliokuja mmevaa beji zenu kama alivyopenda, Mama Yudon aliyefunga duka katikati ya msimu, na watawa, ambao bado mna siku arobaini na tano za sala mbele yenu, kati ya zile arobaini na tisa za kumsindikiza.

Dada Namdol, wenye elimu wanatufundisha kwamba siku hizi bado unatusikia, na kwamba anayeondoka hazuiliwi na ukuta wala mto, anazuiliwa na wale anaowapenda wakimwita arudi. Mimi sikuiti. Ulinibeba mlima mzima bila kuuliza kama nilistahili, nami nilipotakiwa kukubebea neno moja nililitupa njiani. Nilijua, dada. Shika njia yako, uende taratibu, uzaliwe mahali ambapo mtu huulizwa na jibu lake likaheshimiwa, na ukisikia sauti yangu nyuma yako, usigeuke.